Mwalimu Christiane Mwelwa, Aliyewarudishia Watoto Devoir Yao

Ijumaa hii, tarehe 4 Julai 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya chaki, Mwalimu Christiane Mwelwa anastaafu. Alianzia Kambove, akahamia Sakania, kisha akaja kwetu hapa Shule ya Msingi Tujikaze, Kasungami, akakaa. Kote alisifika kwa sauti. Akisema "Kimya!" darasa la sita, wauza mandazi wa barabarani nao hunyamaza.

Waliokuja juzi hawajui kwamba zamani alikuwa bingwa wa devoir, yaani kazi za nyumbani. Shule za msingi zilipofanywa za bure, watoto walijaa mpaka dirishani, naye akazidisha: hesabu, sarufi, mito ya nchi nzima. Aliamini kwamba lile lisiloingia kichwani katika msongamano ule, litaingia nyumbani.

Jioni moja alipita kwa akina Merdi, mwanafunzi aliyeanza ghafla kupata alama nzuri, ili ampongeze. Merdi alikuwa uwanjani anacheza mpira. Mezani alikaa baba yake, Papa Dieumerci, fundi matofali, jasho likimtoka, akipigana na sehemu na desimali. Wala hakuona haya.

"Mwalimu, hii ya leo iko nguvu," alisema. "Uniongezee siku moja. Na ile ya juzi uliniondolea pointi bure."

Mwalimu Christiane alicheka mpaka barabarani, kisha kicheko kikamkauka. Kumbe mwaka mzima alikuwa anamfundisha fundi matofali, na mtihani wa mwisho angeufanya Merdi!

Kesho yake alifuta devoir za zamani. Hesabu zingefanyiwa shuleni baada ya masomo, yeye akiwepo. Nyumbani mtoto angepeleka swali moja tu kwa mkubwa, asikilize jibu, aje aliandike darasani kwa mkono wake.

Wazazi waliwaka moto. Mkutanoni, Papa Alexis alisema shule bila devoir ni bukari bila mboga, yaani ugali mkavu. Papa Dieumerci, ambaye tulidhani angeshukuru, ndiye aliyelalamika zaidi: ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuzielewa sehemu. Mkuu wa shule, Bwana Guelord, akakata shauri. Mkaguzi atakuja muhula huo huo. Asiporidhika, Mama Mwalimu atapelekwa shule nyingine.

Swali la kwanza lilikuwa: familia yenu ilifikaje huku? Mwanafunzi mmoja, Tracy, alimuuliza kambo wake, yaani bibi yake, mama mzee Germaine. Hadithi ilikuwa ndefu, Tracy hakuweza kuibeba, basi akamleta mwenyewe. Kambo aliingia na kiti chake, akasimulia jinsi baba yake alivyotoka Kasai kwa treni kwenda kufanya kazi mgodini Kambove. Kengele ya kurudi nyumbani ililia treni ikiwa bado haijaondoka. Siku iliyofuata wakaja kambo wengine, kila mmoja na kiti chake, kusema kwamba yule wa kwanza ni mwongo.

Ndipo akaingia mkaguzi, Bwana Kabwe. Alikuta mama wazee wanagombania treni na watoto wameinama wanaandika. Akapiga meza. Mama Germaine akamkazia macho.

"Weye uko mutoto ya nani?"

Mkaguzi akataja jina la baba yake.

"Ah! Wa Kambove! Weye ndjo ulikuwaka unaogopa kuku!"

Akamwamuru akae, akalieleza darasa jinsi jogoo wa jirani alivyomkimbiza mpaka juu ya paa la jiko, padri akaja kumshusha kwa ngazi. Mkaguzi alikaa. Watoto waliandika.

Baadaye Bwana Kabwe alisoma walichoandika, naye Mama Mwalimu amesimama ukutani. Jogoo alikuwa na herufi zake zote, na kila sentensi ilikuwa na nukta. Hata Merdi alikuwa amejaza ukurasa mzima, akaongeza kwa hiari yake kwamba mkaguzi bado anaonekana mwoga. Bwana Kabwe alisahihisha kosa moja tu: hakuwa jogoo, alikuwa bata mzinga. Kisha akatia sahihi kwamba mwalimu huyu abaki hapa hapa.

Merdi alifaulu mtihani wake. Kambo nao hawakuondoka upesi. Waliulalamikia upepo wa madirisha mabovu mpaka watoto wao wakaja kutia vioo. Leo shule nzima inafuata utaratibu wa Mama Mwalimu.

Kwenye kumuaga, watoto walimuuliza anawaachia swali gani. Akapangusa macho, akasema leo devoir ni yake yeye: ajifunze kunywa chai mpaka mwisho ikiwa bado ya moto.

Mama Mwalimu, asante kwa watoto wetu, na kwa sisi wenzako uliotulea. Mahindi yako yazae, miguu yako ipumzike, chai yako iwe tamu. Uende salama, na maisha yawe mema kwako.