Msumari Hasogei

Waliokuwepo barazani Alhamisi ile, saa nane mchana, ni hawa: Wembe, kinyozi, ambaye hakuwa na mteja, Barafu, fundi wa mafriji, ambaye alikuwa na mteja ila amemkimbia, Jemadari, mwenye chumba cha michezo ya kompyuta, ambaye benchi letu limeegemea ukuta wake, na mimi, karani mstaafu wa masijala, wanayeniita Mzee Karani. Wa tano tulimhesabu ingawa hatukupata kumwona. Huyo ni Msumari, aliyecheza kutoka kwake, popote palipokuwa, na tulimjua kwa sauti ya kwenye spika tu. Kwa miezi saba alikuwa akiwafundisha hawa watu wazima watatu mchezo wa kuwindana kwa bunduki, timu ya wanne kwa wanne, na Jumamosi ilikuwa fainali. Bila yeye hawakuwa na timu. Birika la kahawa lilikuwa katikati yetu, na dirisha la chumba lilikuwa wazi. Ndani, kwenye skrini, Msumari wa mchezoni alikuwa amesimama chini ya ngazi, uso ukutani. Alikuwa hivyo tangu jana yake saa kumi jioni.

WEMBE: Nyie mnahangaika bure, mimi nimeshaelewa. Hili ni somo. Siku zote alikuwa anatuambia nini? Usikimbie hovyo. Ukikimbia, adui anasikia miguu yako.

BARAFU: Alisema pia ukishafyatua risasi, hama hapo ulipo. Mbona yeye hahami?

WEMBE: Kwani amefyatua?

JEMADARI: Jamani, jana tumeshinda raundi nne. Nne! Wale jamaa walimwona pale chini ya ngazi wakaingiwa na baridi. Wakadhani ni mtego. Wote wakazungukia mlango wa nyuma, na mimi niko pale nawangoja.

BARAFU: Ulikuwa unawangoja au ulikuwa umepotea njia?

JEMADARI: Angalia matokeo, bwana. Matokeo!

MIMI: Amesema neno lolote tangu jana?

JEMADARI: Mzee wangu, fundi wa kweli hana maneno mengi. Raundi ya pili alikohoa mara mbili. Baada ya hapo tukawa tunasikia pumzi tu, nzitonzito. Raundi ya nne, pumzi nayo ikakatika.

MIMI: Ikakatika namna gani?

JEMADARI: Amezima maiki, adui asimsikie.

BARAFU: Hajazima. Taa ya maiki yake ni ya kijani mpaka sasa hivi. Nikitega sikio nasikia feni inazunguka.

WEMBE: Basi amejifunza kubana pumzi.

BARAFU: Tangu jana jioni?

Wembe alimimina kahawa, akaiacha kikombeni bila kuinywa.

WEMBE: Niwaambie kitu, msicheke. Asubuhi nilijaribu kufanya kama yeye. Nikaenda nikasimama kando yake, uso ukutani, nikaondoa mikono kwenye vitufe. Dakika kumi hivi. Amani niliyoipata, sijawahi kuipata hata usingizini. Halafu nikahisi ananitazama.

JEMADARI: Amekugeukia?

WEMBE: Hajageuka. Ndiyo maana nikatoka mbio.

BARAFU: Mimi nasema huyu si mtu. Ni mashine iliyowekwa kutufundisha. Sasa imetuona hatufundishiki, imegoma.

JEMADARI: Au ameingia mle moja kwa moja. Kwenye kiti kule kwao hamna mtu tena.

Nilisimama nikachungulia dirishani. Kifua cha yule mtu wa kwenye skrini kilikuwa kikipanda na kushuka taratibu. Waliotengeneza mchezo ndivyo walivyowafanya watu wake. Hupumua hata kama mchezaji hayupo.

Hapo akaja mwanamke wa makamo, begi la safari begani, viatu vimejaa vumbi.

MWANAMKE: Shikamoo, mzee. Kaka zangu, hamjambo? Hapa ndipo kwa Jemadari?

JEMADARI: Ndiye mimi, dada. Karibu uketi.

MWANAMKE: Sikai. Kaka yangu hucheza na nyie, anajiita Msumari. Moyo wake una shida, na kila usiku lazima anipigie. Jana hakupiga. Najua alihamia mji huu mwezi uliopita ili awe karibu nanyi, lakini nyumba hakunitajia. Anakaa wapi?

Miaka thelathini na miwili niliandika majina ya watu na nyumba zao katika madaftari ya serikali. Yeye sikuwahi kumuuliza jina wala nyumba.

JEMADARI: Mji huu? Sisi hatukujua hata yuko mji huu.

MWANAMKE: Mbona kila siku anawataja? Aliniambia amepata ndugu.

Akatoa simu, akapiga. Simu ikaita ndani ya chumba cha Jemadari, kwenye spika, nyuma ya mgongo wa yule mtu aliyeelekea ukuta. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita tena pale pale.

WEMBE: Zima, dada. Tafadhali, zima.

Ng'ambo ya barabara, fundi seremala akawasha mashine ya kupasulia mbao. Tuliisikia barabarani. Kisha tukaisikia kwenye spika, imechelewa kidogo, kama mtu anayerudia maneno ya mwenzake. Fundi alipoizima, ikanyamaza barabarani, halafu ikanyamaza na kwenye spika.

Barafu ndiye aliyeinua macho kwanza. Juu ya karakana ya yule seremala kulikuwa na chumba kimoja, dirisha wazi, pazia limefungwa fundo. Dirisha lile linatazama benchi letu.

BARAFU: Alikuwa anatuona.

JEMADARI: Sasa kwa nini hakushuka?

Tulivuka barabara sote wanne, yule dada akiwa mbele. Aligonga mlango akimwita kaka yake kwa jina la nyumbani. Barafu akang'oa komeo kwa bisibisi. Daktari aliyeitwa aliandika kwamba Msumari alifariki Jumatano, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni.