Jeneza la Emerensiana Litatoka Bila Kifuniko

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu Emerensiana Ponsian, ambaye aliomba azikwe Kasokola, nje ya ukuta wa ngome yetu, kando ya mume wake, na ndiko tunakompeleka leo, kama majitu wanaotuzingira watatupisha.

Marehemu alizaliwa kijiji cha Mamba tarehe 14 Machi 1961, akasoma hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1976, akalima mpunga, na tarehe 8 Agosti 1981 akafunga ndoa na marehemu Gervas, wakajaliwa watoto wanne, wawili tuko hapa, wawili walianguka ukutani.

Majitu walipoizingira ngome yetu, Juni 2024, mama alipangwa juu ya lango kuchemsha maji ya kuwamwagia waliopanda ngazi, akaifanya kazi hiyo bila manung'uniko, akiwaombea aliowaunguza. Wakati huo jeneza likitoka langoni majitu waliweka marungu chini, wakainamisha vichwa, wakatupisha hadi makaburini.

Tarehe 9 Februari 2025 Mkuu wa Ngome, Egide, alimwambia mama aongoze kwaya kumsindikiza mlinzi aliyefariki, naye akaimba kwa machozi, majitu wakapiga magoti, ndipo jeneza likafunguliwa, ndani hamna maiti, limejaa mikuki, na wabebaji wakawachinja majitu wakiwa bado magotini. Kwenye karamu Mkuu alicheka, akamwita mama silaha yake yenye sauti tamu, akamtengea paja la mbuzi, mama akatapika mbele yake, akamwambia huo si ushindi, ni uchafu, ni sawa na kuoshea miguu maji ya ubatizo, na hakuimba tena.

Tangu siku hiyo majitu hawaamini jeneza lolote, wafu wetu tunawafukia nyuma ya ghala, mbwa wanawafukua, na chukizo hilo ni la Mkuu, hata kama ameketi hapa mstari wa mbele.

Mama alianza kuumwa tumbo mwezi Julai, akatibiwa zahanati ya ngome, akafariki tarehe 21 Septemba 2025 alfajiri.

Tunamshukuru Daktari Goreth na wauguzi wake, majirani waliotugawia unga wao wa mwisho, na wanakwaya wenzake. Mkuu hatumshukuru, na tunamwomba awaondoe askari wake waliovaa sare za kwaya, tumewaona.

Jeneza litatoka bila kifuniko, tutalibeba sisi watoto wake, wala hakuna atakayeshika hata fimbo. Tangu asubuhi majitu wanachimba kando ya kaburi la baba, hatujui ni kaburi au ni mtego, lakini tutampeleka.

Fungueni lango. Pumzika kwa amani, mama, kwa mumeo.