Fundi Ng'oa na Jukwaa la Studio Kubwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, seremala mkuu wa kituo chetu cha televisheni anaweka chini nyundo na kustaafu. Jina lake rasmi limo kwenye faili la utumishi, na huko limebaki peke yake. Sisi wengine tunamwita Fundi Ng'oa.

Jina hilo alilipata kihalali. Alipoajiriwa, kituo kizima kilikuwa Studio Kubwa, mabanda mawili na vumbi la kutosha. Asubuhi studio ilikuwa darasa la kipindi cha watoto, mchana mahakama ya mchezo wa kuigiza, jioni ukumbi wa muziki. Kipindi kilipokwisha tu, yeye na wasaidizi wake walikuwa wameshaingia, neno lake likiwa hilo moja: ng'oa! Mahakama iligeuka ukumbi wa dansi huku hakimu bado anatafuta viatu vyake.

Kazi yake ilidanganya macho kwelikweli. Kuna mgeni aliyekuja kuhojiwa moja kwa moja hewani, akataka kutundika koti kwenye msumari aliouchora Fundi kwa rangi. Koti likaanguka. Akaliokota, akatundika tena. Hadi leo Fundi anasema hajawahi kupata sifa kubwa kuliko ile.

Waliowahi kukaribishwa kwake wanaijua pia sebule yake. Viti vyote vinatazama upande mmoja, kwa sababu hajawahi kupanga kiti kikaipa kamera mgongo. Shemeji yetu, mkewe, amevisogeza mpaka amechoka. Wageni hunywa chai wamekaa mstari mmoja, utadhani wanasubiri kuitwa kwenye usaili.

Lakini lilikuwepo jambo lililomkereketa. Mwaka jana mjukuu wake wa kike alitaka aonyeshwe kitu alichojenga babu. Babu alimzungusha kituo kizima, asipate hata kimoja. Kila alichojenga kilikuwa kimeng'olewa, na aliyeking'oa ni yeye mwenyewe. Siku hiyo aliingia chumba cha chai uso umemshuka, akatuambia bila kuficha kwamba anaogopa kuondoka bila kuacha hata ubao. Hakuna aliyethubutu kumtania.

Ndipo ukaja mradi wa kukijenga upya kituo. Mabanda yalivunjwa kupisha maduka na nyumba za kupanga, na studio za kisasa zikapanda ghorofani. Studio Kubwa ilisalimika, ili iwe ukumbi wa maonyesho kwa watu wa mtaani. Ukumbi huo ulihitaji jukwaa la mbao la kudumu, na Fundi aliiomba kazi kabla mkurugenzi hajamaliza kusoma tangazo. Basi mbao nazo zikachelewa! Juni ikaingia, Fundi akawa anashinda getini akichungulia kila lori, na sisi roho juu pamoja naye.

Zilipofika, alijenga jukwaa la kupendeza. Injinia wa mradi alikuja kulikagua, akainama kuchungulia chini yake, akaangua kicheko. Fundi alikuwa amelifunga lote kwa kabari na boliti, tayari kung'olewa kwa nusu saa. Mikono ilikuwa imefanya ilichozoea. Injinia, dada mpole, alimkumbusha kwamba hili halitoki. Fundi akalifungua lote, akalifunga upya kwa gundi na skrubu, akinung'unika kwamba uzee umemkuta anajifunza kazi.

Alimaliza Jumanne iliyopita. Mjukuu aliletwa, akalipanda na kurukaruka mpaka akatoka jasho. Fundi alisimama pembeni, nyundo mkononi, akitazama mlangoni kwa mazoea, akimsubiri mtu wa kuja kusema muda umekwisha. Hakuja mtu. Akaiweka nyundo chini, akaipa mgongo, akakaa ukingoni mwa jukwaa lake, akalia kwa furaha mbele yetu sote.

Fundi, asante sana kwa kututumikia. Tunakuombea afya, furaha na siku nyingi njema pamoja na familia yako. Jukwaa lako lipo, na tutalikanyaga.