Nilitema Bia Yangu Mbele ya Baba Mkwe

Bwana asifiwe! Nasema tena, Bwana asifiwe, maana mara ya kwanza mmeitikia kama watu ambao hawajapata uji wa asubuhi.

Ndugu zangu, jina langu ni Elia, lakini nusu ya watu wa hapa Arua, na wote wa Koboko, wananiita Diploma. Silikatai jina hilo. Nimelitolea jasho. Mwaka wa sabini na tisa serikali ilipoanguka, sisi watoto wa wanajeshi tulikimbia kila mmoja kwa njia yake. Mimi nilivuka kuingia Zaire na shati moja na sufuria ya mama. Nilifika mpaka Kisangani, nikapata kazi ya kuosha chupa katika kiwanda cha bia. Tulikuwa waosha chupa wengi. Wenzangu waliosha mpaka vidole vikachubuka, na wengine nadhani wanaosha hadi leo. Mimi niliuliza maswali. Kimea ni nini? Hamira inakula nini? Kwa nini pipa hili ni chungu na lile ni tamu? Mzungu mmoja mzee akachoka na maswali yangu akanipeleka chuo. Nikatoka na diploma ya utengenezaji wa bia. Mtoto wa kijiji cha Dranya! Nani mwingine wa Dranya mnayemjua mwenye karatasi kama ile? Nasubiri mikono.

Pale chuoni walinifundisha kwamba kuonja bia ni kazi ya ulimi, si ya tumbo. Unainusa. Unaichukua mdomoni, unaizungusha, unaitema kwenye ndoo, unaandika ulichokisikia. Anayemeza ameharibu kazi, kwa sababu glasi ya tatu itamdanganya. Mimi nilikuwa bora kuliko wote darasani. Ungeweza kunifunga macho ukanipa bia kumi, nikakuambia ipi imelala kwenye pipa bovu. Na kwa miaka yote ile ya Zaire, ndugu zangu, sikuwahi kulewa. Hata mara moja.

Watu wetu walipoanza kurudi, nami nikarudi. Sikurudi kulia juu ya kuta zilizobomolewa. Nilipata kiwanja chini ya Arua Hill, nikaomba mapipa, nikajenga tanuri, nikaanzisha kiwanda changu mwenyewe, bila serikali, bila mzungu. Nikatengeneza bia ambazo nchi hii haikuwa imeonja. Ya kwanza ilikuwa ya mtama uliokaushwa kwa moshi, nyeusi kama masizi. Ukiimeza, unadhani umekaa jikoni kwa bibi yako. Ya pili ilikuwa ya asali na tangawizi, inachoma halafu inabembeleza. Ya tatu nilitia ukwaju, ikawa kali kiasi cha kukufumba jicho moja. Hizo hazikuwa bia za watu waoga!

Siku ya kufungua nilialika wakubwa wa mjini. Kutoka Dranya nikamwita baba mkwe wangu, Mzee Duku, pamoja na shemeji yangu Wani, aliyekuwa askari zamani. Mke wangu Kiden alipanga viti. Mimi nilivaa tai. Nikamimina ile nyeusi, nikaeleza habari za kimea mpaka watu wakaanza kupiga miayo, nikanusa, nikazungusha mdomoni, kisha nikatema kwenye ndoo. Mbele ya baba mkwe!

Glasi zote zikasimama hewani.

Nyinyi mnaijua sababu. Mimi pia nilikuwa ninaijua tangu utoto, ila diploma ilikuwa imeifunika. Kwetu mwenye pombe hunywa kwanza. Mama anayepika kwete, pombe yetu ya kienyeji, huchota kibuyu, hunywa mbele ya watu wote, humeza, ndipo anampa mgeni. Ndiyo njia yake ya kusema hamna sumu. Asiyekunywa kwanza hana wateja. Sasa yule anayetema?

Mzee Duku akaweka glasi yake chini polepole. Akasema, "Mwanangu, wewe natema pombe yako mwenyewe. Sisi nakunywa nini?"

Wani akaruka, "Kumbe diploma yake iko ya sumu!"

Watu walicheka, lakini hakuna aliyekunywa. Waliondoka wakiziacha glasi mezani zimejaa.

Ndugu zangu, hasira niliyoipata siwezi kuipima! Neno lilitoka Arua likafika Koboko kabla ya lori. Wakaniita mtu wa sumu, mimi! Mimi niliyelala sakafuni Kisangani nikisoma kwa taa ya jirani! Nikipita sokoni, mama mmoja wa nyanya ananiita mbele ya watu, "Diploma, leta ile pombe yako kidogo, nyumbani kwangu iko panya." Soko zima linakufa kwa kicheko.

Hapo ndipo Shetani aliponipata. Wengi huja hapa mbele wakasema walianza kunywa kwa sababu ya huzuni, au marafiki wabaya. Mimi nilianza kunywa kwa sababu ya hasira. Nikasema, mnataka kuniona nikimeza? Mtaniona! Nikachukua chupa zangu nikazunguka kila kilabu cha Arua. Nikaenda Koboko. Nikaenda Oraba, mahali madereva wa malori wanaposubiri karatasi zao mpakani na wabadilisha fedha wanakaa na mifuko magotini. Kila mahali nilisimama juu ya benchi, nikajaza kibuyu, nikanywa mpaka tone la mwisho, nikakigeuza chini juu waone. "Nani mwingine anasema sumu?" Wakapiga makofi. Wakanunua. Kijiwe cha pili, kibuyu kingine. Cha tatu, kingine. Siku moja inaweza kuwa na vijiwe kumi.

Bia zangu zikaenda vizuri, siwadanganyi. Nilikuwa maarufu. Lakini mwaka wa kwanza ulipokwisha nilikuwa ninahitaji kibuyu cha asubuhi ili mkono utulie nipate kufunga kifungo cha shati. Mwaka wa pili niliacha kuandika katika daftari la kuonja, kwa kuwa sikuwa na cha kuandika. Ukwaju, asali, moshi, vyote vilikuwa kitu kimoja mdomoni, kama kulamba ubao. Ule ulimi ulionitoa kwenye kuosha chupa ulikuwa umekufa, nami nilikuwa nikiuficha ule msiba kama mtu anayeficha maiti ndani ya nyumba. Kiden alijua. Nilikuwa nikila mboga aliyosahau kutia chumvi na kusema ni tamu.

Mwaka wa tatu familia ya mke wangu ikaita watu Dranya kumaliza matanga ya mama yake. Mkwe ndiye anayeleta pombe. Nikasema nitapeleka ile nyeusi ya moshi, wazee wajue wamempata mkwe wa namna gani. Asubuhi ile nilijaza majerikeni mwenyewe, nikiwa tayari nimekunywa. Kiden akainama juu ya moja, akanusa.

"Baba Keji, hii jerikeni nanuka mafuta ya taa."

"Huo ni moshi wa mtama."

"Mimi najua moshi. Hii iko mafuta ya taa."

Nikamjibu, Bwana anisamehe, "Katika nyumba hii nani ana diploma?"

Akakaza kifuniko. Nikapakia.

Pale Dranya nilisimama mbele ya kaburi na watu wote. Wakati huo nilikuwa nimekuwa hodari wa desturi, nilikuwa fundi wa kunywa kwanza! Nikajaza kibuyu kutoka jerikeni lilelile, nikakigugumia chote, nikapangusa mdomo na kutangaza, "Huo ndio moshi! Wazee, karibuni." Sikusikia kitu. Ndugu zangu, bia nilikuwa nimeimimina juu ya mafuta ya taa yaliyobaki ndani ya jerikeni; nilikunywa mafuta ya taa nikayasifu!

Nikampa Mzee Duku kwa mikono miwili. Aliisikia harufu, lazima aliisikia. Lakini mkwe amekwisha kunywa mbele ya umati, naye si mtu wa kumwaibisha mkwe juu ya kaburi la mke wake. Akafumba macho akanywa. Heshima ndiyo iliyomnywesha. Mara akakohoa, ikampalia, ikaingia kifuani, akaanguka akishika ile ardhi mpya ya kaburi.

Wani alinishika shingo. Nikasikia nyuma yangu watu wanaita, "Sumu! Sumu! Muue!" Mmoja alikuwa tayari ameinua mchi. Mnajua kwetu anayeitwa mtu wa sumu hapelekwi mahakamani. Nilitapika miguuni pa Wani, nikasema moyoni, leo nimekwisha.

Ni Mzee Duku aliyeinua mkono, akiwa palepale chini, pumzi inamtoka kwa shida.

"Wacha yeye. Amekunywa mbele yangu. Mutu ya sumu hapana kunywa kwanza." Akakohoa tena. "Huyu hana sumu. Huyu iko na kiburi."

Ule mchi ukashuka. Tukambeba mzee mpaka hospitali.

Siku ya kwanza kifua chake kiliunguruma kama lori linalopanda mlima. Daktari alisema tungoje, hakusema zaidi. Mimi nilikaa nje kwenye nyasi. Hakuna aliyenipa kiti, na sikustahili. Siku ya pili mwili wangu ukaanza kudai. Mikono ilitetemeka, jasho likatoka, nikaona siafu wakitembea juu ya ukuta ambao haukuwa na siafu. Mchana huo Wani akaja, akaweka chupa ya waragi, ile pombe kali, mbele ya magoti yangu.

"Kunywa, Diploma. Si wewe nakunywa kwanza? Baba akikufa, na wewe nafuata."

Niliitazama ile chupa. Siwezi kusimama hapa nikawadanganya: niliitaka. Baba mkwe anakufa kwa mkono wangu ndani ya ukuta ule, na mimi ninaitaka chupa!

Kiden akatoka ndani. Hakuwa amesema nami neno tangu Dranya. Aliiona chupa, akamwona kaka yake, akaniona mimi.

"Baba Keji," akasema, "mimi hapana lilia baba peke yake. Yeye iko na ugonjwa ya siku mbili. Wewe iko na ugonjwa ya miaka tatu."

Akarudi ndani.

Ndugu zangu, kulikuwa na neno moja ambalo sikuwahi kulitamka katika lugha yoyote ninayoijua, wala Kiswahili, wala Kifaransa, wala Kikakwa chetu. Nililitamka pale kwenye nyasi. Nilisema, "Bwana, mimi Elia nimeshindwa. Usimchukue mzee. Na kama utanichukua mimi, nichukue nikiwa na akili yangu." Nikaisukuma ile chupa kwa mguu, maana mikono nisingeiamini. Wani akacheka akaichukua akaenda. Msidhani malaika walishuka. Nilitapika, nilitetemeka, nililia kwa sauti na watoto wa wagonjwa wakaja kunitazama. Lakini kiu ilikuja mara ya kwanza nikaita Yesu, ikaja mara ya pili nikaita Yesu, na mara ya tatu ilikuja ikiwa imechoka. Haleluya!

Siku ya tatu, jua likiwa juu, waliniita ndani. Mzee Duku alikuwa amekaa, amekonda, macho wazi. Ukoo mzima ulikuwa umemzunguka. Akanionyesha mtungi kwa kidevu.

"Mkwe. Nipe maji."

Binti yake alikuwa karibu zaidi na mtungi. Mwanawe alikuwa karibu zaidi. Aliniita mimi. Nikachota, kikombe kikagongana na mtungi. Watu wote wakanitazama mdomoni. Nikanywa kwanza, nikameza.

Na nikasikia ladha! Maji yale yalikuwa na udongo wa mtungi, na kwa mbali chuma cha kikombe. Kwa zaidi ya mwaka sikuwa nimesikia ladha ya kitu chochote, na Bwana alinirudishia ulimi wangu kwa maji ya mtungi wa hospitali! Nikalia mpaka mzee akaniambia, "Lete basi, mimi iko na kiu." Akanywa kikombe chote kutoka mkononi mwangu.

Nilirudi Arua nikamwaga mapipa yote, barabara ikanuka wiki nzima. Sasa ninatengeneza maji ya ukwaju na asali, na ni mazuri kuliko ya mtu yeyote katika wilaya hii. Sisemi kwa kujivuna. Basi, ninajivuna kidogo, Bwana bado anaendelea na kazi.

Lakini kuna jambo linanichoma. Watu wawili wa kanisa hili, sitawataja, wao wenyewe wanajitazama viatu sasa hivi, walikuja kwangu juzi kwa mlango wa nyuma. "Elia, tupikie pipa moja tu la harusi. Wewe si utaonja na kutema?" Kutema! Mmemsikia mtu akitolewa shimoni mkamwambia achungulie kidogo tu? Mnaimba hapa Jumapili mkiwa mmefumba macho, na Jumatatu mnataka kuninywesha tena! Aibu!

Namshukuru Yesu aliyeninyang'anya kibuyu. Namshukuru Mzee Duku, aliye hai na anayelima muhogo wake Dranya. Namshukuru Kiden, ambaye sasa nikimwambia mboga haina chumvi ananitukana, na mimi nafurahi.

Na wewe uliyesimama nje pale dirishani, nakuona. Wani, shemeji yangu, umekuja Jumapili tatu na hujavuka mlango. Najua bado una neno na mimi. Una haki. Nilimnywesha baba yako mafuta ya taa, hilo halifutiki kwa ushuhuda. Lakini ile chupa uliyoichukua siku ile, nimeona wewe mwenyewe unaibeba mpaka leo. Usimnyime Bwana kwa sababu ya hasira juu yangu. Ingia, kaa mbali na mimi ukitaka.

Mama, sogea kidogo hapo mwisho wa benchi. Mpe nafasi.