Maji ya Vitunguu ya Bronia Zaremba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, tukae na marehemu kidogo. Leo tunamkumbuka Bronia Zaremba wa hapa kijijini kwetu, Pine Island. Bronia Zaremba, mkulima wa vitunguu kwenye udongo wetu mweusi. Amefariki akiwa na miaka themanini na minne.

Vitunguu vyake vya pete, vile vya kuchovya kwenye rojo na kukaanga, mlivila. Kila Ijumaa ya Kwaresima, ukumbi wa kanisa ulijaa. Wengi walijaribu kuvipika nyumbani, vikatoka vya kuvutia macho na kuudhi ulimi. Ukimwuliza siri, alikujibu, "Kwani wewe huna mama?"

Lakini hata binti yake, Halina, hakuijua. Alipokuwa na miaka thelathini na miwili alikuta bakuli la vitunguu vilivyotiwa chumvi, vimetoa maji. Akadhani ni maji machafu. Akayamwaga. Mama yake akamwambia mbele ya mchumba wake, "Wewe mwanangu huna mkono wa kupika. Una mkono wa kumwaga."

Halina akaondoka. Miaka kumi na moja hakukanyaga nyumba ile. Simu moja tu kila Krismasi, nayo ya kuulizana kama kuna baridi.

Mwezi uliopita Bronia ndiye aliyepiga. "Njoo Ijumaa saa mbili asubuhi nikuonyeshe vile vitunguu. Nimezeeka, Halinka," akasema, kwa jina lake la utotoni.

"Nitakuja, mama."

Alifika saa tano. Anasema alizunguka na gari kijijini, mara mbili akapita mbele ya nyumba bila kusimama. Hasira bado ilikuwa haijamtoka. Alipoingia, mama alikuwa amekaa kitini, kichwa kimeinama, mikono bado inanuka vitunguu. Mwili ulikuwa umeshaanza kupoa. Mezani palikuwa na bakuli la vitunguu limefunikwa kitambaa. Aproni zilikuwa mbili. Moja alikuwa ameivaa mwenyewe. Ya pili ilikuwa mezani, imekunjwa.

Halina aliliweka bakuli kwenye friji. Kwa nini, hajui.

Jumatatu tulimzika Bronia. Waombolezaji walirudi nyumbani kwa marehemu kula, kama desturi yetu. Halina akasimama jikoni peke yake. Vitunguu vya bakulini vilikuwa vimelegea, akavitoa. Yakabaki maji. Akayabeba hadi kwenye sinki.

"Nilisikia mtu nyuma yangu," ameniambia. "Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nisimwone."

Akalikumbuka lile bakuli la miaka kumi na moja iliyopita, na maji hakuyamwaga. Alikata vitunguu vipya, vinene kama kidole. Akachanganya unga, mtindi na bia kidogo, kama tufanyavyo sote, kisha yale maji ya vitunguu, yote, hadi tone la mwisho. Chumvi hakuongeza. Rojo likapoa kwenye friji, mafuta yakachemka, akavichovya vitunguu, akakaanga mara mbili. Ndiyo siri, wasikilizaji wapendwa. Ni yale maji. Sisi sote tulikuwa tunayamwaga.

Sahani ikafika mezani. Jirani wa Bronia, mzee Ignac Sobol, aliyezoea kumtania kila siku, akatafuna mara moja, akaacha. Akautazama mlango wa jikoni. "Bronia yuko humo ndani?"

Hakuna aliyecheka. Chumba kizima kiliutazama mlango ule.

"Alikuwa ananisubiri, mzee Ignac," Halina akajibu. "Tangu saa mbili."

Sasa kila Ijumaa, saa mbili asubuhi, Halina huamshwa na harufu ya vitunguu vikikaangwa. Anaishi peke yake. Jiko lake huwa baridi. Anasema hafungui dirisha, asije akaitoa.

Poleni ukoo wa Zaremba. Pole sana, Halina. Bronia Zaremba, Mungu amlaze pema.

Nanyi mnaonisikia, huenda yupo mtu aliyewaita na bado mnazunguka nje na gari lenu. Mkikasirika, kasirikeni, lakini ingieni. Mkiitwa saa mbili, msifike saa tano.