Kapteni Sijauona

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutushika mkono, dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji, na mama alikuwa akisimulia kwamba asubuhi ile mvuke wa kiwanda ulitanda hadi kizingitini, mkunga akaingia kwa kupapasa ukuta.

Alimaliza sekondari ya wasichana mwaka 1979, na huko alipenda kulala chali uwanjani baada ya vipindi, akiyatazama mawingu mpaka wenzake wakasema amehamia huko juu, ingawa hesabu hazikuwahi kumpiga chenga. Mwaka 1984 alihitimu urubani, akaajiriwa na shirika dogo la ndege, ambako alipata jina lililomganda, Kapteni Sijauona.

Rubani akitaka kuuendea uwanja kwa macho yake, sheria inataka mawingu yasishuke chini ya futi elfu moja, aweze kuona kilomita tano mbele, na awe anauona uwanja wenyewe au ndege iliyomtangulia. Wapo waliokuwa na haraka ya kufika nyumbani, wakaona kijipande cha lami kwenye upenyo wa wingu, wakajibu, "Nauona." Yeye alimjibu mwongoza ndege, "Sijauona," akazunguka, akaomba kushuka kwa kuongozwa na vyombo vya ndege, abiria wakanuna, na rubani msaidizi mmoja aliyeapa kwamba uwanja ule pale aliulizwa taratibu, "Unauona, au unaukumbuka?"

Tarehe 2 Septemba 1989 alifunga ndoa na mtabiri wa hali ya hewa wa uwanja huohuo, shemeji yetu huyu mnayemwona, baada ya kubishana naye miaka mingi juu ya kimo cha mawingu, ubishi ambao ndoa haikuumaliza, sisi tuliolala chumba cha pili ni mashahidi, na wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo ni mwalimu wa muziki.

Januari 2018, mchana mweupe, anga bila doa, aliulizwa kama anauona uwanja, akatazama mbele, akaona nuru laini imefunika kila kitu, vilima vikielea, nchi nzima imelowa mwanga, ikapendeza hata akatamani kubaki humo, lakini njia ya kutua haikuwemo. Uwanja ule aliujua kama kiganja chake, na neno moja tu lingemwachia kazi aliyoipenda kuliko usingizi.

"Sijauona," alisema.

Msaidizi wake akacheka, akidhani ni utani. "Mama, si ule pale!"

"Najua uko pale, mwanangu. Shika wewe."

Kijana akashika, akatua salama, na dada akakaa mikono mapajani, akiitazama ile nuru mpaka injini zilipozimwa, na kesho yake akairudisha leseni yake mwenyewe, bila kutumwa na mtu.

Madaktari walikuta uvimbe nyuma ya macho, wakampasua mara mbili, lakini dunia ikazidi kumfifia. Jioni shemeji aliketi naye barazani akimweleza anga lilivyo, naye, asiyeona hata kikombe mkononi, akamkatiza, "Wingu gani la futi elfu tatu, baba? Acha uongo," wakacheka mpaka jirani akachungulia. Alitutoka tarehe 14 Juni 2023, asubuhi, nyumbani, binti yake akimpigia kinanda, na binti hakuacha mpaka wimbo ulipoisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsemesha kwa jina kila walipomgusa, majirani waliompeleka kliniki, wafanyakazi wenzake wote, na wewe kijana uliyeshika ndege siku ile, ambaye sasa ni kapteni.

Dada, safari ya leo hukupangiwa kuiongoza, tumekubeba sisi, na tutakwenda polepole. Pumzika kwa amani.