Kibangwa Ndani ya Bahasha

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na ninyi wenzangu wa darasa la jioni mliobanana pale nyuma kama pamba kwenye gunia, habari za tangu jana. Mwenyekiti amenipa muda wa kuchemka birika moja la chai. Nitajitahidi, ingawa mnanijua.

Naanza na jambo la aibu. Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na akili zangu timamu, kwamba huko Ulaya, kwenye baraza kuu la mataifa, kuna sanduku la kioo, na ndani yake kuna kibangwa. Si mnakijua kibangwa, lile gamba jeupe la duara wanalovaa watemi wetu. Niliamini kwamba mtu yeyote anayeomba kusoma mambo ya mataifa huvikwa gamba hilo kifuani. Akiwa na damu ya utemi, linatulia. Akiwa mtoto wa mkulima, linapasuka kwa mlio wa bunduki, na nchi yake inafutwa kwenye ramani siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana.

Msicheke. Aliyeniambia ni kinyozi wa hapa sokoni, na wakati ananiambia wembe wake ulikuwa shingoni mwangu. Alisema kaambiwa na mchochea moto wa treni. Ungekuwa wewe, ungebisha?

Sasa niwape mambo kwa mpangilio. Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kushona midomo ya magunia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Shinyanga. Nimeshona magunia mengi kiasi kwamba ungeyapanga yangefika Tabora, yakapumzika, yakarudi. Jioni nikanawa vumbi, nikaenda darasani kwa Mwalimu, huyu mzee wetu mnayemjua nyote, ambaye babu zake walikuja na misafara kutoka pwani wakaoa huku. Kwake nilijifunza kusoma, kuandika, hesabu na Kiingereza. Siasa hakufundisha. Alisema siasa inatumalizia mafuta ya taa.

Siku moja nikanunua karanga zimefungwa kwenye kipande cha gazeti la Kiingereza. Karanga nikala, gazeti nikasoma. Liliandika kwamba chuo fulani cha ng'ambo kinatoa shahada ya uhusiano wa mataifa kwa njia ya posta: unasomea kwako, unajibu kwa barua, wanakupima huko. Ndugu zangu, nawaambia, nilisahau kumeza. Nchi yetu hii tunaambiwa iko chini ya uangalizi wa mataifa, nami sijui hata kikao chao wanakaa wangapi! Nikaandika kuomba fomu. Fomu ikaja. Darasa letu likachinja mbuzi saba kunipongeza.

Haya, naona Mwalimu ananitazama. Alikuwa mbuzi mmoja. Tena mdogo.

Kuanzia siku ile sokoni nikaitwa Balozi. "Balozi, hujambo?" "Balozi, utatukumbuka?" Mama muuza maziwa alinipunguzia bei, kisha akaniagiza nikifika kwa wakubwa wa dunia niseme kuhusu mbung'o. Nami nikaahidi. Niliahidi vitu vingi mwezi ule.

Kwenye fomu kulikuwa na nafasi kubwa, robo tatu ya ukurasa. Swali lilisema: eleza elimu yako ya siasa na utawala, kama huna, eleza kwa maneno yako ni kazi gani uliyowahi kufanya inayokuandaa kwa masomo haya. Robo tatu ya ukurasa, ndugu zangu! Nikakumbuka kinyozi, nikakumbuka gamba. Nikaona heri niseme ukweli mapema kabla sijaifutisha nchi. Nikaandika: "Hakuna. Mimi si mtoto wa mtemi." Nikatia sahihi, nikapeleka posta.

Baada ya miezi kadhaa bahasha ikarudi. Nikaifungua nimesimama palepale posta. Mstari wa kwanza ulisema: "Tunakurudishia fomu yako." Sikusoma wa pili. Nikakunja, nikatia mfukoni mwa koti, nikaenda nyumbani, nikalitundika koti ukutani.

Hapa ndipo mnangoja niseme nililia. Sikulia. Ningelia ingekuwa afadhali. Nilipata ganzi, ile ya mguu ukiukalia vibaya, ila hii ilikuwa ya mtu mzima. Sokoni wakaita, "Balozi, wamejibu?" Nikasema bado. Kesho yake bado. Kesho kutwa nikapanda treni kwenda Mwanza, nikavuka ghuba, nikadandia lori mpaka kwenye mgodi mmoja upande wa Geita, ambako hakuna anayemjua Balozi. Mke wangu nilimwambia naenda kutafuta kazi. Hakuuliza ipi.

Kule nilisukuma vitoroli vya mawe. Miezi minane. Ningeweza kuwapamba kwamba mawe yale yalikuwa makubwa kama nyumba ya Mjerumani, lakini sikumbuki ukubwa wake. Sikumbuki nilikula nini. Watu wakicheka, nilikuwa natazama midomo yao inavyofunguka. Mimi huyu mnayenijua.

Kambi ilikuwa na watu wa kila upande: Wasukuma tele, Wasumbwa, Wazinza, Wanyamwezi. Na walikuwepo watu sita kutoka Urundi, upande wa Wabelgiji, Kiswahili chao kikiwa cha kuhesabika. Wasukuma wa kambi walijiwekea kiongozi wao, nsumba ntale, kama tunavyofanya vijijini kwetu kwa kazi za kulima pamoja. Naye alikuwa na pembe ya tandala. Pembe ikilia, kuna msiba: kila mtu anatupa sururu, anakwenda kuchimba kaburi.

Akafa mwenzetu mmoja, homa. Pembe ikalia. Kambi nzima ikatoka. Wale sita wakaingia kibandani mwao, wakafunga mlango, wakalala kifudifudi. Tukazika, tukarudi, bado wamelala.

Adhabu ya jambo hilo kwetu mnaijua. Si kupigwa. Walitengwa. Hakuna kuwasalimu, hakuna kuwajibu, hakuna kuwapa moto. Mtu asiye na moto wa kuomba kwa jirani, na mvua zile, na kuni mbichi, anakula unga mkavu.

Siku ya tano nimeketi kwenye jiko langu, mzee mmoja wa wale sita akaja na kigae cha chungu. Alikinyoosha tu. Nikachota makaa nikamtilia. Kaa moja likaangukia mkono wangu huu wa kulia, hapa chini ya kidole gumba, mnaona alama. Nikalitazama linavyoniunguza. Sikusikia chochote. Mzee yule ndiye aliyelipangusa.

Nsumba ntale akaniita mbele ya watu.

"Wewe mtu wa vitoroli, umewapa moto?"

"Nimewapa."

"Hukujua wametengwa?"

"Nilijua. Nilisahau."

"Mtu anasahauje jambo kama hilo?"

"Jana nilisahau kula."

Mpishi mmoja Mzinza akadakia, "Mtengeni na yeye. Tena huyu kazi rahisi, ameshaanza mwenyewe!" Watu wakacheka, nami nikatengwa. Nikachukua mkeka wangu nikahamia kwa wale sita, maana moto wetu sasa ulikuwa mmoja.

Ndani ya kibanda kile, kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya, nikamuuliza yule mzee: mbona mlilala wenzenu wakizika? Akanitazama kama mjinga. "Pembe ililia," akasema. "Pembe ni baruti. Baruti, lala chini." Kumbe kwenye mgodi walikotoka, pembe ilipigwa kabla ya kulipua mwamba. Wao waliona kambi nzima inakimbilia kwenye mlipuko, wakasema hawa Wasukuma wana wazimu.

Sasa nimwambie nani? Nimetengwa. Nikimsemesha mtu hajibu, akijibu anatengwa naye, mwisho tunabaki wote upande mmoja. Basi asubuhi nikaenda kisimani wakati nsumba ntale yuko kwenye foleni, nikainama, nikaisemesha ndoo yangu. Kwa sauti ya kuuzia ng'ombe.

"Ewe ndoo! Unajua kwamba kule walikotoka hawa watu pembe ni ya baruti?"

Watu wamekodoa macho. Nsumba ntale akakohoa, akaigeukia sururu iliyokuwa begani mwake.

"Ewe sururu," akasema, "mbona baada ya kuzika hawakuja hata kutoa pole?"

"Ndoo, wangekujaje, na siku ileile hakuna aliyewajibu salamu?"

Siku tatu, ndugu zangu! Ndoo na sururu wakijadiliana pale kisimani, na watu wanaamka mapema kuwahi nafasi. Sururu ilikuwa ngumu. Ilidai mbuzi. Ndoo ikasema watu hawa hawana mbuzi, wana mikono. Mwisho wakakubaliana: wale sita wapange mawe juu ya kaburi, wapeleke kuni siku nne kwa waliokaa kibanda kimoja na marehemu, na kambi nayo, pembe ya msiba ilie mara tatu, kisha mtu apite vibandani kusema kwa mdomo. Siku ya nne nsumba ntale akaja mwenyewe kibandani na kigae, akatuomba moto. Hapo tukajua yamekwisha.

Nanyi mnadhani nilifurahi. Hapana. Niliona ni vizuri, kama mtu anavyoona mvua ya kijiji cha pili.

Wiki ileile mke wangu akashuka kwenye lori la unga, mweupe kuanzia kitambaa mpaka vidole vya miguu. Hakunisalimu. Akatoa bahasha kifuani.

"Koti lako nililipeleka kwa fundi," akasema. "Hii ilikuwa mfukoni. Nimempa Mwalimu, kaisoma mara mbili. Baba Watoto, wewe uliisoma?"

"Wameirudisha."

"Nimekuuliza uliisoma?"

Yeye hajui herufi hata moja, lakini mstari wa pili aliushika kichwani tangu Shinyanga, akanisomea huku karatasi ameishika juu chini: "Nafasi kubwa hukuijaza. Tafadhali ijaze, utuletee kabla ya mwisho wa mwaka." Zilibaki wiki tisa, na meli inachukua sita.

Nikamwambia sina cha kujaza. Siasa sikusoma.

"Mwenye lori amenihadithia njiani," akasema, "kuna mwendawazimu huku anasemesha ndoo. Nikajua nimefika. Andika hiyo."

"Hiyo si siasa, Mama Watoto. Ni ugomvi wa moto."

"Basi andika ugomvi wa moto. Wao watajua wauiteje. Kalamu nimekuja nayo."

Nikaketi juu ya toroli nikaandika. Nilipofika pale mzee aliponyoosha kigae, mkono ukaanza kuuma. Hapa, kwenye kidonda. Ukauma kweli. Mke wangu akauliza, "Mbona unatoa machozi?" Nikasema kidonda. Akaketi karibu akakishika mpaka nikamaliza, na wino ukamwagikia kanga yake, doa analo hadi leo.

Robo tatu ya ukurasa haikutosha. Niligeuza nyuma.

Chuo kikajibu kwamba wamenipokea kwa majaribio. Sasa niko bahasha ya tatu ya masomo, bado kumi na tano. Ganzi nayo haijaisha yote. Siku nyingine naamka nayo, nashona magunia nayo. Lakini sasa naijua, na nikiiona nakwenda kwa mtu kuomba moto hata kama jiko langu linawaka.

Namshukuru mke wangu, yupo pale mlangoni anajifanya haongelewi. Namshukuru mzee wa Urundi, popote alipo, na nsumba ntale, na sururu yake. Nawashukuru ninyi mlioniita Balozi, maana niliporudi mliniita vilevile na hamkuuliza kitu. Nami nina deni la mbung'o, sijalisahau. Wabeja sana, asanteni. Ninyi vijana wa darasa, ninalowaachia ni dogo: barua ikija, isomeni mpaka kwenye sahihi.

Limebaki moja. Siku kifurushi cha kwanza cha vitabu kilipofika, nilikwenda kukifungulia kwa Mwalimu. Nikatoa kitabu, nikakikung'uta. Nikatoa kingine, nikakikung'uta. Nikaingiza mkono ndani ya bahasha kubwa mpaka kiwiko, nikipapasa polepole.

"Unatafuta nini?" akauliza.

Nikamweleza. Kinyozi, treni, sanduku la kioo, ramani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "hakuna kibangwa. Kulikuwa na swali, nawe hukulijibu."